Neno la Nane

Mong, we mzee mwizi wa drafti,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Ulikijua kwa matusi matatu tu niliyokufundisha kiwandani Washwood Heath, huku ughaibuni, lakini nadhani huko uliko mkalimani hahitajiki.

Nina la kuungama. Unamkumbuka yule binti wa chuo kikuu aliyekuja jikoni kwangu Acocks Green na kinasa sauti? Alisema Kichak, lugha ya kwenu, na ndugu zake wachache ni kijitawi cha ukoo mkubwa wa lugha, unaofika Burma mpaka Tibet. Ukavimba kichwa kama sultani! Kisha akauliza maneno ya msibani, ukakwama. Miaka arobaini huna wa kusema naye, utakumbuka nini? Nikaiona aibu usoni mwako. Basi nikawa nakunong'oneza upuuzi wowote ulionijia, nawe unautamka kwa heshima zote. Maneno saba. Alipoondoka tulicheka mpaka ukapaliwa na chai.

Ulipokufa kicheko kiliniishia. Binti anatayarisha kamusi, na mimi, Mzanzibari wa darasa la nne, nimeitia takataka lugha ya bibi zako. Nikampigia simu. "Mwanangu, yale saba yafute. Niliyatunga mimi."

Akaja mwenyewe. Kumbe alishafika kwenu, milimani Bangladesh, akamsikilizisha kanda bibi mmoja, mkongwe kuliko wote. Bibi akalia. Akasema ndiyo maneno ya kumwita marehemu arudi nyumbani mara ya mwisho, hajayasikia tangu alipokufa mama yake. Akauliza nani kamfundisha mtu huyu.

Mong, nani kanifundisha?

Binti akaniwekea sauti ya bibi. Anayasema yote saba, pole pole, kisha ananyamaza. Liko la nane, la kumruhusu marehemu aondoke, naye amelisahau. Kanda inazunguka, hakuna sauti, na neno likanijia ulimini, gumu kama kokwa ya tende. Nikafumba mdomo.

Tangu hapo, kila asubuhi nakuta kete moja imesogea kwenye ubao wetu wa drafti. Kiti chako kina joto. Na bado unaiba, mshenzi wewe! Nilifurahi, nisikufiche. Wiki tatu nimekubania hapa kwa uchoyo, kwa sababu nyumba hii ina vyumba vingi na mimi ni mmoja.

Lakini leo nimekuta kete zako zote zimerudishwa ndani ya boksi lake. Zangu zimebaki ubaoni, peke yake, zinanitazama.

Haya. Nimeelewa.

Binti yuko sebuleni, kinasa sauti kiko tayari. Nikiweka kalamu chini nitafungua mlango wa nyuma na kulitamka mara moja tu, alichukue, liwe lenu. Baada ya hapo, naahidi, sitokuita tena, hata kwa utani.

Nenda, swahiba. Usigeuke nyuma, maana nitakuwa nalia, na wewe ulivyo, utanicheka.

Nassor