Gunia la Riwaya Katika Ghala Lako

Nunguni

Mama Mumbua,

Niwie radhi kwa kukuandikia kwa penseli. Kalamu ya wino uliyoninunulia nilipostaafu inavuja, nami sitaki kuichafua barua ambayo nimechelewa kuiandika kwa zaidi ya mwaka. Hapa ukungu umeshuka tangu asubuhi. Binti yetu hajambo. Amekuja mara mbili na watoto tangu tukuzike. Cherehani yako anayo Ndunge, yule msichana uliyemfundisha kushona. Nilimwachia chumba cha sokoni kama ulivyoagiza, naye anakata nguo vizuri, ingawa wateja wanalalamika kwamba mdomo wake unakwenda kasi kuliko sindano.

Nimeanza na hayo kwa sababu sina ujasiri wa kuanza na lile lililonileta.

Mwezi uliopita Ndunge alikuja hapa nyumbani. Kikundi cha akina mama kimepata kabati, na wanataka vitabu vya kuazimana. Wameamua vya kwanza viwe vya namna uliyoipenda wewe: riwaya za dunia hii hii yetu, yenye ofisi, foleni na risiti, ambamo jambo lisiloelezeka linatokea siku ya Jumanne mchana, na watu wanaendelea na kazi zao.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ndiwe uliyekuwa ukimsikiliza akisoma. Tuandikie ni vipi vizuri na kwa nini."

Nilimjibu kwamba vitabu vyako vilichomwa. Akasema analijua hilo, kila mtu analijua, basi niandike ninavyokumbuka. 

Unakumbuka Jumamosi zetu? Ulikuwa ukiufunga mlango wa duka saa nane, unakaa na kitabu ambacho dada yako alikutumia kutoka Machakos, unasoma kwa sauti. Mimi nilijifanya nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Siku moja ulisimama katikati ya sentensi, ukasema nimeitia alama ya vyema hesabu ile ile mara tatu. Nilikana. Nisamehe; ulikuwa ukweli. Kitabu kilikuwa kile cha karani wa kituo kidogo cha reli, katika nchi kavu kama ya kule Kibwezi, anayewakatia tikiti abiria ambao bado hawajazaliwa. Tulikuwa tumebakiza sura moja.

Ndipo yule mhubiri mgeni alipoliona jalada la kitabu kingine, lenye mwanamke mwenye vivuli viwili, dukani kwako, akawauliza wazee wa kanisa kama huo ni uchawi. Wazee wakakutana. Mimi nilikuwa katibu wao, nami nilikubali kuvichoma vitabu vyako kabla ya kuulizwa. Sikukueleza sababu wakati ule, kwa hiyo nakueleza sasa. Bibi yako alipiga ngoma ya kilumi, ya kuwatuliza pepo. Nilipokuwa mdogo misheni nilichapwa viboko kwa kuifuata sauti ya ngoma kama ile. Tena watu wa kwingine hawakosi mzaha kuhusu Wakamba na uchawi. Niliogopa waseme kwamba hata nyumbani kwa mwalimu umo.

Wewe ulisema tu, "Havifundishi uchawi, Mwalimu. Vinasema kwamba dunia ni kubwa kuliko mnavyoihubiri."

Nilivitia vyote ndani ya gunia. Jioni niliwaambia wazee, na nikakuambia wewe, kwamba nimevichoma nyuma ya shule. Uliniuliza kama na kile ambacho hatujamaliza. Nikasema na hicho. Hukuuliza tena. Uliendelea kunitengea chakula kwa heshima na kunipigia pasi shati la Jumapili, lakini Jumamosi mchana ulishona kimya. Mama Mumbua, heshima ile iliniumiza kuliko matusi.

Sikuvichoma. Nilifika na kiberiti mkononi, nikashindwa. Niliogopa wazee na niliogopa moto, nikatafuta njia ya katikati, nayo ikawa uongo kwa pande zote mbili. Ulipokwenda kisimani nililipandisha gunia ghalani, nikalisukuma nyuma ya mzinga wa zamani wa nyuki. Nilijiona mwerevu: hakuna mzee wa kanisa atakayelifungua ghala la mke wa mtu mwingine.

Tazama upumbavu wangu. Nilisahau jambo ambalo kila mtoto aliyelelewa na mama yake hapa Ukambani analijua: ghala ni la mke. Ni yeye anayejua yamebaki madebe mangapi ya mtama, na panya kapita wapi. Mimi nililelewa katika bweni, ambako chakula kilitoka stoo kwa ufunguo wa mtu.

Ndunge alipoondoka nilichukua ngazi. Nilitarajia kukuta vumbi la mchwa. Nilikuta gunia limewekwa juu ya mawe matatu, na kila kitabu kimenyunyiziwa majivu, kama unavyohifadhi kunde za mbegu. Ndani ya kurasa mlikuwa na vipande vya kitambaa cha zambarau. Nilivitambua. Ni masazo ya sare za shule ya upili, ile tenda uliyoipata shule ilipofunguliwa, miaka miwili baada ya mimi kusema nimevichoma.

Nilikaa juu ya sakafu ya ghala lako hadi miguu ikafa ganzi. Ulijua. Ulikuwa ukipanda humo kutoa mtama, nawe ukisoma. Ungenifumania, ningeaibika mbele yako. Ungeviteremsha, ningeaibika mbele ya wazee. Basi ukanihifadhia uso wangu pamoja na vitabu. Nadhani ulikuwa unaningoja niseme mwenyewe. Sentensi moja tu. Nilikuwa nayo kinywani kila Jumamosi, hata ile Jumamosi ya mwisho hospitalini, na nikakuuliza kama uji umepoa.

Nimevisoma vyote. Ndunge nimempa orodha. Nimewapendekezea kwanza yule karani wa reli, kwa sababu ya upole wake kwa abiria. Kisha mwanamke mwenye vivuli viwili, anayekiacha kimoja kazini na kurudi nyumbani na kingine. Nimeandika kwamba akina mama hawatahitaji kufafanuliwa. Kile cha mizani inayopima uongo nilikiandika mwisho. Ni kizuri sana. Kilinichukua siku tisa, kwa sababu nilikuwa nikikifunga mara kwa mara.

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya wazee nikawaeleza. Mzee Kioko aliuliza kama kumbukumbu za kikao, zilizoandikwa kwa mkono wangu kwamba vimechomwa, zirekebishwe. Nikasema ndiyo. Wataamua kama nitaendelea kuwa mzee wa kanisa, na haki ni yao. Lakini nje, akipanda baiskeli yake, Kioko aliniuliza kwa sauti ya chini kama yule wa vivuli viwili bado yupo. Mke wake amemsumbua miaka yote kwamba hakumaliza.

Kuna kimoja hukukiona. Ndunge amekipata Machakos. Ni cha mama mmoja wa upande wa Migwani anayechimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu. Kila akifukua anasikia salamu za wale walioteka hapo kabla yake, naye anazijibu, anajaza mtungi, anakwenda kupika. Nimefika sura ya saba. Kwa mara ya kwanza nina riwaya ambayo wewe hujaisoma, na kila ukurasa ninainua macho kukuambia. Nakupendekezea kwa moyo wote. Samahani kwamba pendekezo langu la kwanza kwako limekuja sasa.

Lala salama, mke wangu. Nakuahidi hivi: Jumamosi nitaleta kiti pale kaburini, saa nane mchana, wazee wakipita barabarani kutoka sokoni, nami nitakusomea kwa sauti tangu ukurasa wa kwanza.

Mumeo,
Mwalimu