Ushuhuda wa Nyumba Iliyobaki

Munigi, 14 Juni 2021

Papa mpendwa,

Nakusalimu sana. Mguu wako je, umepata nafuu? Sisi tuko wazima, watoto wanakula vizuri, na tumerudi nyumbani baada ya kukimbilia Sake wakati volkano ilipotapika moto. Haya ninayotaka kusema hayatoshi kwenye simu, ndiyo maana nimempa barua dereva wa lori la maharagwe anayekuja huko Butembo.

Papa, moto uliteketeza nyumba ya jirani yangu Bibiche, kisha ukasimama kwenye ua wa miti ulio kati yetu. Majani ya ua yameungua upande wake, upande wangu ni mabichi. Bibiche unamjua kwa maneno yangu: ndiye aliyetupa chumba tulipofika kutoka Beni na nguo za mwilini tu, na yeye mwenyewe alikuwa amekimbia vita vya Masisi. Sasa watu wa shirika letu la sala wananong'ona. Vita vimpate, na moto umpate, lazima kuna kitu alifanya. Mimi wananiita mwenye neema. Mama Henriette, kiongozi wetu, anataka nitoe ushuhuda tarehe 27.

Wewe ni katekista, umefundisha watu tangu sijazaliwa. Niambie, mateso yanatoka wapi? Na kwa nini yanampita huyu na kumpata yule? Sibishani, Papa. Nataka kujua kweli.

Binti yako,
Masika

Butembo, 20 Juni 2021

Masika mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wajukuu wangu. Mguu unauma asubuhi tu. Jua likichomoza unanyamaza, kama mtoto aliyekuwa akikataa shule.

Swali lako limenipa raha, maana ni miaka mingi sijaulizwa kitu kigumu. Nimelizungusha mtaani. Padri amesema ni fumbo. Jirani yangu Mprotestanti amesema ni majaribu. Shangazi yako Kahambu amesema, "Kuko mutu alituloga," akaanza kutaja majina, nami nikamwomba chai haraka.

Mama yako alipokufa waliniambia pia kwamba ni majaribu. Nikajiuliza, ya nani? Mimi ndiye nijaribiwe, halafu yeye ndiye afe? Tangu siku hiyo neno hilo nalitumia kwa woga.

Ninachokumbuka ni hiki: mlipokimbia mapanga ya Beni, watu wa hapo walikuuliza mlimkosea Mungu nini. Ulinipigia simu ukilia. Maneno yale yale yasimwangukie Bibiche sasa. Usitoe ushuhuda kwanza. Kaa naye, umuulize yeye anaonaje.

Papa yako,
Kambere

Munigi, 6 Julai 2021

Jambo sana Papa,

Habari za mguu na za Shangazi? Sisi tunapumua. Barua yako imenifikia baada ya ushuhuda. Lori lilikwama mji wa Kiwanja siku nyingi, njia ilifungwa kwa sababu ya risasi.

Nilisimama mbele ya watu wote, nikasema Mungu aligeuza moto ulipofika kwangu. Wakapiga vigelegele, nami nikafurahi, nakuambia ukweli. Bibiche alikuwa benchi ya mbele, amevaa kitenge nilichompa. Akainua mkono kama mwanafunzi, akauliza kwa upole:

"Masika, wakati Mungu aligeuza ile moto, aliituma kwa nani?"

Akabeba mtoto wake mgongoni, akatoka. Nasikia analala ndani ya darasa moja kule Katoyi. Sijaenda, naona haya. Na hapa watu wanakuja kuchuma majani ya ua wangu wakayaweke kwao yawakinge. Umebaki vijiti. Papa, rafiki yangu nampoteza hivi naona, na swali lake sina jibu. Nimwambie nini?

Binti yako,
Masika

Butembo, 18 Julai 2021

Mwanangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Mimi niko mzima, Shangazi bado anataja majina.

Habari ya majani ilinichekesha, kisha ikaacha kunichekesha. Swali la Bibiche linapita lako na langu. Mungu hakumhukumu huyo mwanamke, kwa hilo naweza kuapa. Kwa nini nyumba yako ilibaki, sijui, na nikijifanya najua nitakuwa mwongo mwenye rozari shingoni. Labda tuulize ilibaki kwa kazi gani. Labda ilibaki ili Bibiche apate pa kulala. Nenda Katoyi.

Papa yako

Munigi, 15 Agosti 2021

Papa mpendwa,

Salamu za sikukuu ya Mama Maria. Sote tuko wazima, na leo tuko wengi.

Nilikutii, nikaenda, lakini jibu lako nalikataa. Kama nyumba yangu ilibaki ili nimpe Bibiche pa kulala, basi yake iliungua ili mimi niwe mtu mwema. Mungu wa namna hiyo simtaki, na wewe humtaki, nakujua.

Nilimkuta anafua. Nikamwambia nilisema nisilolijua, anisamehe. Alikamua shati moja kwa muda mrefu bila kuniangalia. Kisha akasema, "Hata mimi sijue. Shika huku." Tukakamua shuka pamoja.

Leo baada ya misa nilisimama tena mbele ya shirika. Nikasema moto ulisimama, na sababu siijui. Mama Henriette amesema nimeitupa neema. Wachuma majani hawaji tena, na wengine hawanisalimu. Inaniuma, maana nilishazoea lile jina la mwenye neema.

Bibiche na watoto wako hapa tangu Jumatatu. Jioni hii tulikaa juu ya mawe meusi ya moto uliopoa, pale lilipokuwa jiko lake. Nikamuuliza kama moto ungechoma kwangu na kuiacha nyumba yake, angenipokea?

"Siku ile ile," akasema. Akafikiri kidogo, halafu akaanza kucheka mpaka akajifuta machozi. "Lakini Masika, ushuhuda ningetoa. Na ningepaza sauti kukupita!"

Binti yako,
Masika