Asali Uliyotutumia

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje, na mguu je? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Barua hii anaileta Mwajuma, jirani yangu wa hapa Maskati anayerudi Kibiti. Dada Tatu akusomee yote, asiruke mstari. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikitaja sukari tu, mtandao wa hapo kijijini Mahege unakuwa mbaya.

Mama, Salumu amefariki. Yule wa Ikwiriri, mwenzangu wa chumba na wa tanuri la mikate. Tumemzika hukuhuku Ijumaa iliyopita.

Yalianza mafua tu. Tanurini tuko sita na sote tuliugua, sisi watano tukapona baada ya siku nne, tano. Yeye alikuwa na sukari kama wewe. Nikamuuguza vile nilivyokuona ukiuguza watu: chai ya tangawizi na ile asali ya Rufiji uliyotutumia, vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni. Akawa ananitania, "Kama kuumwa ndo huku, mie n'taumwa kila mwezi." Chakula kikamshinda. Nikamwambia vidonge aviweke kando kwanza, maana wewe husema siku zote dawa ya sukari haimezwi tumbo tupu.

Siku ya nne alikunywa maji bila kukata kiu, anakojoa kila mara, pumzi fupi. Nikajipa moyo kwamba homa inatoka. Kesho yake hakunijua jina. Hospitali walimwekea hewa, akaishi siku mbili tu.

Daktari alikuwa Mzanzibari, akanikalisha. "Virusi ni hivihivi vilivyokushika wewe," akasema. "Lakini sukari ikiwa juu, mwili hauna nguvu ya kupigana navyo. Na homa yenyewe huipandisha sukari, hata mtu asipokula kitu. Vidonge mgonjwa haviachi mpaka atuulize sisi. Nani alimwambia aviache?"

Nikasema aliamua mwenyewe. Nimemsingizia maiti, mama. Mama yake naye nilimpigia nikamwambia hivyohivyo, akanishukuru kwa kumuuguza mwanawe. Naona aibu mpaka kula kunanishinda.

Sasa Tatu ananiambia mafua yako yameingia wiki ya pili, vidonge umevifunga kwenye kanga mpaka hamu ya chakula irudi, na chupa ya asali iko kichwani pako. Mama, nakuomba kama ulivyoniomba mimi nisiingie mtoni siku za mafuriko. Nenda hospitali Kibiti leo, wakupime, wakwambie wao cha kumeza. Najua ukisikia msiba utataka kwenda Ikwiriri kukaa na mama Salumu. Usiende na kifua hicho. Tatu, ukifika hapa kunja karatasi, mtafutie mama bodaboda. Salamu utamsomea njiani.

Mjomba anayetulimia shamba la mpunga mpe salamu, na shangazi, na mke wangu mwambie nitampigia. Mama Salumu mpelekeeni pole yangu, ila ya asali na vidonge msimwambie. Nitakuja kumwambia mwenyewe, na siku hiyo nataka unisindikize wewe, mama, maana peke yangu sitaweza kubisha hodi.

Mwanao,
Hamisi