Jina Lililoshika Kwenye Barafu

Jumatatu, 3 Juni 1957

Nimeosha vichupa tangu asubuhi. Upepo unapita chini ya mlango, vidole vimekufa ganzi. Mwenzangu Athumani kaja na makoti mawili, moja juu ya jingine. Anasema baba yake alihamia Singida kufuata biashara, habari za baridi hakuambiwa.

Mchana ndege imeleta dawa ya kupimia damu, ile tuliyoingoja mpaka tukakata tamaa. Kwa hiyo tumefungua sanduku la barafu ya moshi. Barafu hii si ya maji. Nyeupe, haichuruziki, inatoa moshi tu mpaka inakwisha, na ukiishika inakuunguza vibaya. Kila ndege ikija tunaongezewa. Ndani yake tulikuwa tumehifadhi damu ya ng'ombe wa zizi moja la Unyambwa, kila ng'ombe na kichupa chake, kila kichupa na plasta yake yenye jina.

Bwana Daktari wa mifugo kavaa glavu, kainua kichupa cha kwanza. Hakina plasta. Cha pili hakina. Plasta zote zilikuwa chini ya sanduku, zimekauka na kujikunja.

Nilicheka. Athumani naye akacheka. Halafu nikakumbuka ng'ombe wale ni wa zizi gani.

Jumatano, 5 Juni

Tumepima. Vichupa vyote safi isipokuwa kimoja. Hicho damu yake ilijikusanya chembechembe mara tu ilipokutana na dawa. Ugonjwa wa kutupa mimba.

Kimoja tu. Cha nani, hakuna ajuaye.

Lile zizi ni la shemeji yangu, mume wa dada Maria. Na mmoja wa ng'ombe waliomo ni wangu. Majivu. Mama alinirithisha yeye peke yake, hakuwa na kingine. Sijamwambia Bwana Daktari. Sijui kwa nini.

Tumeokota zile plasta tukazisoma, labda zitasaidia. Kazi bure. Kumbe hata zingeshika zisingetufaa. Tuliandika majina ya wenye ng'ombe. Kwetu mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Mmoja kwa shemeji, wawili kwa rafiki, ili balaa likija lisimkute mikono mitupu. Kwa hiyo zizi la shemeji lina ng'ombe wa watu wengi, na Mzee mmoja wa Mungumaji ana ng'ombe watatu mle ndani. Jina lake limeandikwa mara tatu. Bwana Daktari alipoelewa alikaa kwenye kiti akafumba macho.

Akasema asipojulikana mgonjwa kabla ya mvua, zizi zima litachinjwa.

Jumamosi, 8 Juni

Sijalala vizuri. Namfikiria Majivu.

Huyu ni wa tatu kuitwa hivyo. Wa kwanza alizaliwa msimu kama huu, baridi ya kuua. Mama alimbeba ndama akamwingiza ndani akamlaza karibu na mafiga. Asubuhi tukamkuta kajigaragaza kwenye majivu, mweupe kichwa mpaka mkia, mama akacheka mpaka akakaa chini. Jina likabaki hapo. Alipozaa jike, jike naye akaitwa Majivu, na mjukuu vilevile. Watu walisema mama hana majina mengine. Alikuwa nayo. Alilipenda hilo.

Maziwa ya Majivu hakuyachanganya na ya ng'ombe mwingine. Yalikuwa na kibuyu chake. Nikirudi shule nilikuwa naonjeshwa mgando wa kibuyu kile, na mpaka leo sijapata mgando ule mahali popote. Si kwa dada, si mjini. Naukumbuka hata nikiwa nimeshiba.

Jumanne, 11 Juni

Mpango umetoka. Damu ichukuliwe upya. Dawa yetu imekwisha, safari hii vichupa vitakwenda maabara kubwa kwa ndege, ndani ya barafu ya moshi. Lakini Bwana Daktari hatachoma sindano hata moja mpaka tupate kibandiko kisichoanguka. Amesema hawezi kuwarudia watu mara ya tatu. Hapo nakubaliana naye.

Tumeanza kujaribu kwa vichupa vya maji.

Karatasi na gundi ya unga: imepasuka ikamwagika vipande vipande.

Wino: umesambaa, jina limekuwa doa la buluu.

Tupa ya kukatia chupa za dawa, tukachora namba kwenye kioo chenyewe: nilifurahi sana. Kutoa kichupa, kimegawanyika palepale pa mchoro.

Kibati cha kopo kilichofungwa kwa uzi: kimeninasa kidole kwa baridi, ngozi imebaki kwenye bati. Nimetukana. Athumani kasema ndiyo kibandiko pekee kilichoshika leo.

Ijumaa, 14 Juni

Bwana Daktari kaleta penseli. Kasema wino una maji, penseli haina. Kweli, maandishi yametoka kwenye barafu meusi vilevile. Tatizo limebaki plasta. Inatoka tu. Tumejaribu ndefu, fupi, pana. Zote chini ya sanduku.

Athumani anasema tumfungie kila ng'ombe kichupa chake shingoni, asafiri nacho. Nimecheka, lakini roho iko juu. Ndege inakuja tarehe 27.

Jumatatu, 17 Juni

Leo nimepata wazo, nami sijui kama nililipata au nilikumbushwa.

Kibuyu cha Majivu kilipasuka shingo nikiwa mdogo. Mama hakukitupa. Alichukua ukanda wa ngozi mbichi, akauzungusha shingoni, mkia wa ukanda akaulaza juu ya kichwa cha ukanda uleule, akauacha ukauke. Haukushikwa na kibuyu. Ulijishika wenyewe. Kibuyu kile kiko kwangu mpaka leo, na ukanda uko palepale.

Sisi tulikuwa tunabandika kipande cha plasta upande mmoja wa kichupa, tena kichupa chenye umande, kimetoka kuoshwa au kimetoka kwenye damu. Hakina pa kushika.

Nimekausha vichupa juani. Nimezungusha plasta mzunguko mzima, mkia ukapanda juu ya kichwa. Nimeandika kwa penseli. Ilibidi niandike kitu, nikaandika jina la kwanza lililonijia. Majivu. Kisha sandukuni.

Jumatano, 19 Juni

Imeshika.

Tumetoa, tumeacha ilowe, tumerudisha, tumetoa tena. Imeshika. Bwana Daktari kaivuta kwa kucha, kashindwa, kasema vizuri sana, kaenda kunywa chai. Athumani kanipiga mgongoni mpaka nikakohoa.

Nilifurahi kama saa nzima. Baadaye furaha ikaniishia. Sasa jina litafika salama, hata liwe la nani, hata la Majivu.

Ijumaa, 21 Juni

Nimekwenda Unyambwa kwa baiskeli. Mtama umevunwa, mashamba matupu, vumbi mpaka kwenye meno. Nimemwamkia dada shikamoo, kaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Alikuwa anapepeta uwele.

Nimemweleza. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mdogo wangu, damu mlichukua, damu mkaipoteza. Sasa mnataka nyingine. Kwani mnaipika?"

Shemeji kakataa kwa upole, na upole wake ndio mbaya zaidi. Kasema wenye ng'ombe wameshamlaumu vya kutosha.

Nikamwambia dada ukweli kwamba zizi zima litachinjwa. Akaacha kupepeta. Akauliza huo ugonjwa ukoje. Nikasema ng'ombe anatupa mimba, na maziwa yake yanaleta homa zisizoisha kwa watu. Halafu akaniambia kwa Kinyaturu, sauti ya chini, kwamba mwaka jana Majivu alitupa ndama. Hakuniambia kwa sababu alijua nitahuzunika. Na binti yake mdogo amekuwa na homa ya kuja na kwenda tangu mvua zilipoisha.

Ng'ombe wengi wanatupa mimba. Kwa kuruka mtaro, kwa njaa, kwa lolote. Nimejiambia hivyo njia nzima ya kurudi kwangu Utemini.

Jumapili, 23 Juni

Baada ya ibada dada kanikuta nje ya kanisa. Shemeji amekubali. Ila dada ametoa sharti lake: nisiandike majina ya wenye ng'ombe wala namba anazotaka Bwana Daktari safari hii. Niandike majina ya ng'ombe wenyewe, na niandike mbele yake. "Hawa wana majina yao," kasema. "Mama hakumwita ng'ombe kwa namba."

Ni sahihi, na ndilo tulilolihitaji. Lakini nilitamani shemeji aendelee kukataa. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kulisema.

Jumanne, 25 Juni

Tumechukua damu.

Bwana Daktari kwenye sindano, Athumani kwenye vichupa, mimi kwenye plasta. Dada akawa anataja, nami naandika. Kidoti. Chenga. Mwendapole. Pembe-moja. Shemeji na majirani walishika pembe. Watoto walicheka kila jina. Ilikuwa kama zamani jioni, mama akiwaita wakirudi kutoka malishoni, kila mmoja anageuza sikio kwa jina lake. Nilisahau kabisa nilikuwa pale kwa kazi gani.

Majivu alikuwa wa mwisho. Alisimama ametulia, akanilamba mkono. Ulimi unakwaruza vilevile. Kichupa chake nilikikausha kwa shati langu. Jina lake nikaliandika kwenye plasta.

Ningeweza kuibandika upande mmoja tu. Ingeanguka, maabara wangekitupa kichupa kisicho na jina, na hakuna ambaye angejua. Nilimwona yule mtoto wa dada ameegemea ukuta wa nyumba, shingo nyembamba, kajifunga kanga ya mama yake na jua lote lile. Nikaizungusha plasta, nikaulaza mkia juu ya kichwa, nikabana kwa dole gumba mpaka likauma.

Alhamisi, 27 Juni

Ndege imeondoka na sanduku. Tumeiangalia mpaka ikapita juu ya miamba.

Bwana Daktari kaniuliza kama kuna ng'ombe wangu mle. Nikamwambia yupo. Akaniuliza ni yupi. Nikamwambia. Akanipa sigara. Mimi sivuti. Niliichukua.

Jumatano, 3 Julai

Hakuna habari. Nimeosha vichupa safi nikaviosha tena. Athumani kaniletea maandazi ya kwao, kayaacha mezani bila utani.

Jumanne, 9 Julai

Simu ya maandishi imefika.

Mgonjwa ni mmoja. Maneno yote ya Kiingereza, na katikati yake, kwa herufi kubwa, MAJIVU. Karani wa posta kauliza ni neno gani hilo. Nikamwambia ni jina la ng'ombe wa mama yangu. Kacheka. Nami ningecheka.

Nimekwenda kukaa nyuma ya stoo. Nimelia. Sikumlilia ng'ombe peke yake.

Alhamisi, 11 Julai

Wamemchinja leo. Shemeji alinisubiri nifike, nikamshika shingo kidogo, kisha nikaondoka pale. Bwana Daktari kasema nyama ikipikwa sana haina neno. Watu wamekula. Mimi sikuweza.

Zizi limepona. Wenye ng'ombe walikuja mmoja mmoja kumshukuru shemeji, na yule Mzee wa Mungumaji kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Dada anachemsha maziwa sasa, yote. Analalamika kwamba maziwa ya kuchemsha hayagandi kama ya mama. Kweli hayagandi. Hospitali wamempa mtoto dawa, na leo hakujifunga kanga.

Dada kasema Kidoti ni binti wa Majivu, aliyezaliwa mama ameshafariki na kupewa shemeji kwa ulezi, naye yuko safi. Tumwite Majivu wa nne? Nikamjibu kwa hasira asithubutu. Nitamwomba radhi Jumapili.

Jumapili, 14 Julai

Nimemwomba radhi. Kasema alishasahau. Kidoti, ambaye ndama wake wa sasa ni dume, atabaki Kidoti mpaka azae jike. Hapo tutaona.

Jana Bwana Daktari alituambia tusafishe vichupa vyote vya majaribio, vitatumika Iramba. Niliviloweka kwenye maji ya moto, nikasugua, plasta zikatoka. Kimoja kiligoma. Kile cha kwanza, nilichoandika bila kufikiri. Nilikikwangua kwa kucha, nikakichemsha, jina likabaki pale, jeusi la penseli. Athumani kasema nikiache, kichupa kimoja hakitaivunja serikali.

Nimekuja nacho nyumbani. Nimekiweka dirishani karibu na kibuyu chenye ukanda. Nje upepo umetulia leo. Nimechemsha maziwa ya Kidoti aliyonipa dada, nimeyaweka kibuyuni, nangoja nione kama yataganda.