Udi wa Kwenda Hospitali

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Hapa Kunduchi hatujambo. Shangazi yako kajifungua binti mwenye sauti ya dalali wa samaki.

Umeniandikia tumbo la chini linakuuma, ila unaona haya daktari asije akaona michirizi na mapaja yako meusi. Ukaniuliza, mie sikuwahi kuona haya? We mtoto! Nilipokuwa na umri wako niliumwa hivyohivyo, nikakaa wiki mbili najisugua singo ili mapaja yang'ae kwanza. Siku ya kwenda hospitali nikajifukiza udi kama bibi harusi. Nilipofungua kanga tu, nesi akapiga chafya mpaka kalamu ikamdondoka.

"Dada," akasema huku akifuta machozi, "mie natafuta ugonjwa, wewe umeniletea harusi!"

Tulicheka mno. Mapaja yangu wala hakuwa na habari nayo. Alichouliza ni kwa nini nimekaa na maumivu wiki mbili. Akanipa dawa, nikapona.

Basi kesho oga maji yako ya kawaida, uende. Huyo daktari akipiga chafya, iwe ni mafua yake mwenyewe.

Ni mie bibi yako,
Bi. Zuhura