Trauti Walioelea Tumbo Juu

Dada yangu Furaha,

Huku Buffalo baridi inauma masikio. Leo kaka Amani alinipeleka kwenye mto anakofanya kazi ya kuhesabu trauti, samaki ambao wamebaki wachache sana. Mwenzake alibeba betri mgongoni, akatia umeme majini, na samaki wakaelea tumbo juu. Nikapiga kelele, "Mumewaua!" Kaka akageuka kuniangalia, akateleza, akaanguka humo humo. Dada, nilijua tumempoteza! Mwenzake akazima umeme upesi. Kaka akainuka, ameloa chapachapa.

"Bon, haya, usilie," akaniambia. "Samaki wamelala tu ili tuwahesabu, wataamuka."

Kweli waliamka mmoja mmoja, wakaenda zao. Mimi bado naogopa, maana kesho anarudi majini. Wabusu watoto huko Louisville. Mama asijue, wewe muombee kaka.

Mdogo wako akupendaye,
Esta