Mguu wa Kiki

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kuwaambia watu ni vumbi? Mimi mzima kabisa, ila mikono inanuka petroli mpaka chai nayo inaninukia injini.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Barua haikatizwi.

Najua shangazi yako ameshakufikishia habari. Anasema tangu baba yako atutoke, natafuta kiki mtaani, nitazamwe na watu. Mwambie ni kweli! Kiki naitafuta kila asubuhi, na mwezi uliopita nimeipata. Ile pikipiki ya marehemu imewaka. Ilikuwa imelala stoo chini ya magunia tangu alipoanza kuugua. Nimesugua platini ya umeme kwa msasa, nimefungua kabureta na kuiosha kwenye sufuria ya maziwa (hilo usimwambie shangazi). Nikapiga kiki, kimya. Nikapiga tena, ikakohoa. Nilipopiga ya tatu ikanguruma, kuku wa jirani wakahama.

Usiniulize nimejifunzia wapi. Miaka yote ile nani alikuwa akimpa baba yako spana? Yeye kashika injini, mimi nimeshika tochi. Na tukitoka, yeye mbele, mimi nyuma. Nimezunguka nchi nzima nikitazama kola ya shati lake. Sasa na mimi naiona barabara. Si unajua za zamani zile, gia mguu wa kulia, breki mguu wa kushoto, kinyume na hizi za vijana. Miguu yangu imeshazoea kama inavyozijua ngazi za jikoni.

Humu ndani kuna kiti kizuri ulichoninunulia. Nikikikalia kidogo tu miguu inawasha.

Mama yako

19 Februari

Mama, shikamoo.

Kifua kimepona. Nilicheka kuhusu kuku, halafu nikaacha kucheka.

Mama, kazi yangu unaijua. Nashinda kwenye chumba cha plasta hospitalini. Kila Jumatatu foleni inafika mlangoni, na wengi wao ni wa pikipiki. Wanabebwa na bado wanauliza chombo kimepona. Baba nimeshamzika. Wewe sitaki hata kukuwaza kwenye ile foleni.

Kukwambia utulie ni kumpigia mbuzi gitaa, hilo nalijua. Kwa hiyo nimekununulia nyingine, mpya, breki kali, inawashwa kwa kitufe. Rafiki yangu wa lori ataileta. Ila naomba ile kuukuu uiuze. Tafadhali, Mama.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Na wewe unakula, au unafunga tu watu plasta?

Mzigo umefika, ahsante sana. Ni nzuri, inang'aa, wajukuu wa shangazi yako wamejitazamia meno humo. Inawaka kwa kidole kama taa ya choo! Haikohoi, hainuni, haitaki kubembelezwa. Sijui hata niizungumzishe nini.

Ile kuukuu sijaiuza bado. Nimeifunika shuka isije ikamwona mke mwenzie.

Mvua imenifungia ndani toka juzi. Nimepanga vyombo, nimepangua, nimepanga tena. Kesho, inyeshe isinyeshe, naipanda hiyo ya kwako mpaka kule kilimani kwenye mnara wa simu. Usikunje uso. Umeinunua ipandwe.

Mama yako

9 Aprili

Mama, shikamoo.

Kulikoni? Simu inaita, haipokelewi. Nikimuuliza shangazi anasema upo, unapumzika. Wewe, kupumzika? Tangu lini? Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kila barua tunaulizana afya na kujibizana "mzima". Leo nitakujibu kweli.

Nimevunjika mguu wa kulia, chini ya goti. Ni siku ile ile niliyokwambia naenda kilimani. Nilikuwa nateremka, lori likatoka getini kinyumenyume. Kichwa kikasema breki, na mguu wa kushoto ukakanyaga kama ulivyozoea. Kumbe kwenye mpya mguu wa kushoto ni gia! Gia ikashuka, tairi la nyuma likaserereka, pikipiki ikaenda kwake na mimi kwangu. Pikipiki yako haina kosa, wala mguu wangu hauna kosa. Hawakutambulishwa tu.

Shangazi yako nilimwapisha asikwambie. Nilijua utajilaumu, na lawama haiungi mfupa.

Daktari anasema mwisho wa mwezi huu nitatembea, hata gia nitakanyaga. Ila mguu huu usipige teke lolote tena. Sasa ile kuukuu bila kiki ni nini? Chuma cha kutundikia nguo. Nimelia, mwanangu. Nakaa dirishani, nasikia za wenzangu zikipita, nalia kama mtoto aliyeachwa nyumbani.

Basi umeshinda. Kuna mnunuzi anakuja Jumamosi.

Mama yako

6 Mei

Mama,

Shikamoo baadaye, kwanza usiiuze!

Barua yako niliisoma kazini. Nikarudi kumfunga mzee mmoja plasta, bandeji ikanishinda. Mimi ndiye niliyekuletea ile pikipiki. Niliogopa kukupoteza hata sikukuuliza miguu yako inajua nini.

Mwambie mnunuzi arudi alikotoka. Nimeomba likizo, nakuja mwisho wa mwezi. Mguu wangu wa kulia ni mzima, na haujawahi kupiga kiki hata siku moja. Baba alikuwa ananipa kitambaa nifute vumbi, basi. Nifundishe wewe.

Naomba barua hii iwahi.

Mwanao

13 Mei

Mwanangu,

Marahaba, hata kwa ile shikamoo uliyoichelewesha.

Barua yako haikuwahi. Mnunuzi alitangulia, kijana nadhifu, kavaa viatu vyeupe. Nilimwekea pikipiki uani, nikakaa na magongo yangu, nikamwambia washa. Akapiga kiki. Akapiga, akapiga, akavua koti, akapiga. Mwisho ikamrudishia teke moja la ugoko, akasema mama, hii imekufa. Nikamwambia pole. Sikumdanganya, mwanangu. Hakuuliza, na mimi sikusema. Alipoondoka nilicheka peke yangu mpaka shangazi yako akaja kunipima joto.

Sasa wewe sikiliza. Fungua petroli. Pembeni mwa kabureta kuna kidude, kibonyeze mpaka petroli itoke kama machozi. Halafu ishushe kiki taratibu kwa mguu mpaka uisikie inagoma. Hapo usishindane nayo. Iachie irudi juu, ndipo uikanyage mara moja, mpaka chini, bila hasira. Ukiwa na hasira inajua.

Njoo na viatu vigumu. Ile mpya nimempa shangazi yako. Anajifunza, na sasa anatafuta kiki kuliko mimi.

Ikishawaka, usijisahau ukakaa mbele. Kazi yako itakuwa imekwisha, nipishe, upande nyuma. Gauni langu la kola nimeshalipiga pasi, upate cha kutazama.

Mama yako